Neno Alilolimeza Mama Laurentine

Kufika saa tatu asubuhi ukumbi wa Bel-Air ulikuwa umejaa mpaka watu wanakaliana magotini, na Mama Laurentine alikuwa amekwisha kuua watu kumi na mmoja.

Aliwaua kwa mikro, kipaza sauti tu. Kazi yake ilikuwa kufasiri filamu, kama marehemu baba yake, mfanyakazi wa reli, kabla yake: picha zinapita kwenye kitambaa, wazungu wa zamani wanabwabwaja Kifaransa chao, naye anasimama pembeni na kuzisema kwa Kiswahili, kwa namna yake. Mtaalamu wa nyota wa kila filamu alimpa jina la Ingénieur, yaani injinia. Waliokuwa wakimpinga aliwaita wagomaji. Na watu wa hapa husadiki sauti kuliko picha. Mtu akifa kwenye picha na mfasiri hajasema, basi huyo bado mzima.

Siku hiyo zilikuwa filamu saba, nyeusi na nyeupe, za manyama ya kutisha na watu walioshuka kutoka angani, asubuhi mpaka magharibi, bure. Usidhani ilikuwa sikukuu. Ukumbi ule waliujenga wafanyakazi kwa mikono yao, Jumapili baada ya misa, na sasa patron mmoja wa Golf, mtaa wa matajiri, alikuwa na karatasi ya mahakama inayosema ni wake. Alitaka kuweka depo ya asidi. Lakini karatasi ilikuwa na mwisho: huissier, yule mtu wa mahakama anayefunga nyumba za watu, asipoufunga mlango kabla ya saa kumi na mbili jioni ya siku ile, hukumu inaanguka na kesi inarudi mwanzo. Na ukumbi wenye watu ndani, wenye ruhusa ya komini, serikali ya mtaa, haufungwi. Ila pakitokea fujo.

Kwa hiyo vita ya Laurentine ilikuwa moja: watu mia tatu wakae bila kupigana mpaka saa kumi na mbili. Watu mia tatu wa Lubumbashi, na joto lile, mbele ya damu inayomwagika tangu asubuhi!

Baba yake alikuwa mtoto mwaka wa 1941, askari wa Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, walipowapiga risasi wagomaji kwenye kiwanja cha mpira. Mzee alizoea kumwambia: "Mwanangu, bakubwa banapendaka ukasirike kwanza. Kasirani yako njo ruhusa yao." Maneno hayo Laurentine aliyashika kuliko katekisimu.

Filamu ya tatu ilikuwa katikati Guelord aliposimama. Kijana wa mtaa wa Kenya huyo, hapa hapa mjini, shingo kama kisiki, mnyanyua vyuma. Alikaa safu ya mbele tangu asubuhi akitukana watu, na watu walimeza. Sasa akamwendea mzee Godefroid, mwendesha mashine.

"We muzee, filme yako inanuka kama kinywa yako."

"Ikala, mutoto," akasema Godefroid. "Baba yako alikuwaka anakuleta hapa juu ya mabega. Ulikuwa unakojoa mu shingo yake."

Ukumbi ukacheka. Guelord akampiga kichwa cha pua, kisha ngumi ya mdomo. Meno mawili ya mzee yakadondoka kwenye saruji na watu walio karibu wakayasikia. Mara wanaume hamsini wakawa wima, mmoja ameng'oa ubao wa benchi.

"Tumuue!"

"Muikale!" Laurentine alinguruma ndani ya mikro. "Anayenyanyua mukono leo, patron amemununua! Njo kitu banangoja!"

Ubao ulibaki hewani. Aliyemmaliza Guelord alikuwa Syntiche, dada yake mwenyewe, aliyeruka mabenchi na kumshika sikio.

"Mutoto wa mama yangu, unapiga babu? Banakulipa ngapi? Toka!"

Akamburuta mpaka nje, na yule mtu wa kunyanyua vyuma akaburutwa kweli. Kisha Syntiche akarudi kukaa. Godefroid akajaza kitambaa mdomoni, damu ikamshukia kifuani, akarudi kwenye mashine yake.

Saa nane, Angélique, muuza mikate pale mlangoni, akamnong'oneza Laurentine, aliyemwita yaya kama dada mkubwa, huku akijifanya anamletea maji.

"Yaya, kuko bantu kumi nyuma ya ukuta, na Guelord iko pamoja nabo. Beko na vyuma mu mifuko. Habaoni picha, banasikia tu sauti yako. Banasema: Mama akilia 'inatoka', tunaingia tunapiga."

Laurentine akamrudishia maji. Neno wamelichagua vizuri. Tangu enzi za baba yake, mnyama anapotokeza, mfasiri hupiga kelele "Inatoka!" na ukumbi mzima huitikia "Inatoka!" Filamu ya mnyama bila kilio hicho ni harusi bila ngoma.

Basi akalimeza neno. Filamu ya nne, jinyama lilivunja tangi la chuma, likamshika Ingénieur kiunoni na kumpasua. Laurentine akasema, "Ingénieur iko naota ndoto. Alikula mingi sana."

"Ndoto gani, Mama!" wakalia watu. "Kichwa kimetoka!"

"Ni ndoto, minasema! Nyama ingali inalala."

Ya tano, jinyama likalala. Ya sita, likalala. Mji mzima ulikuwa unawaka kwenye kitambaa, wanawake wanakanyagwa, na sauti yake inasema ni moshi wa jikoni. Watu walizomea, kisha wakacheka hadi machozi, kisha wakaanza kushindana kudanganya kuliko yeye mwenyewe. Nje ya ukuta watu kumi walisubiri na vyuma vyao juani.

Saa kumi na moja na nusu, filamu ya saba ikiendelea, huissier akafika na karatasi yake na kopo la gundi, polisi wanane nyuma yake. Wakapanda ngazi, wakasimama mlangoni wakitazama ndani, wakitafuta fujo. Fujo hakuna. Watu wamekaa kama wako kanisani. Laurentine aliwaona vizuri kutoka pale pembeni. Na nyuma yao, juu ya ukuta wa ua, aliona vichwa vimeinama, vinasikiliza. Kimoja alikijua kwa shingo yake.

Patron alikuwa amewalipa polisi kivyao na wahuni kivyao, wala hakuwaambia hawa habari za wale. Ndivyo walivyo watu wa Golf: kwao kila maskini ni chuma cha kazi kinachotumika peke yake.

Laurentine akavuta pumzi.

"Inatoka! Inatokaa!"

Ukumbi, uliobanwa tangu saa nane, ukajibu kwa sauti iliyotikisa mabati. Na watu kumi wakaruka ukuta wakikimbilia mlangoni, Guelord mbele. Polisi waligeuka wakaona vyuma vinawajia migongoni. Chuma cha kwanza kilimkuta huissier mkononi, mfupa ukatoka nje ya shati. Baada ya hapo ni vitako vya bunduki. Tisa walitupa vyuma na kukimbia. Guelord hakujua kukimbia. Wanne walimpiga mpaka akapiga magoti, wakampiga mpaka akalala, na alipokwisha kulala wakaendelea, wakipokezana.

Kisha wakampakia huissier kwenye jeep akilia kama mbuzi, wakaondoka. Gundi ilimwagika kwenye ngazi. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika tano, na mpaka saa yenyewe ikapiga hakuna aliyerudi.

Ndani watu waliimba, wakamtafuta Laurentine wambebe. Alikuwa nje. Syntiche amekaa chini, kichwa cha kaka yake mapajani, masikio yanatoa damu.

"Tantine," akasema bila kumtazama. "Mi nilikuwa naangaria picha. Hakukuwa nyama ya kutisha. Kulikuwa bwana na bibi banakula supu. Juu ya nini ulisema inatoka?"

"Nilibaona bapolisi pa mulango."

"Na Guelord, ulimuona?"

"Nilimuona."

Syntiche akanyanyuka na kumpiga ngumi ya mdomo, kwa nguvu za familia ile. Watu wakafurika nje, wengine mikono tayari juu.

"Mutu asimuguse!" akasema Laurentine, damu kwenye meno. Akainama, akamshika Guelord miguu. "Kamata mabega. Tuende hospitali."

Syntiche alikawia. Kisha akayashika mabega. Walipofika barabarani Laurentine akafungua mdomo, labda kuomba radhi, labda kueleza habari za ukumbi, na za baba yake.

"Usiseme," akasema Syntiche. "Beba tu."

Akabeba.