Kibuyu cha Robi

Watu wa Kehancha walikicheka kile kibao siku nne nzima. Kiliandikwa AISKRIMU YA ROBI kwa rangi nyekundu, juu ya mlango wa chumba kilichokuwa zamani duka la mbolea, na wapitaji walisimama wakiulizana kama kweli kuna mtu mzima mwenye akili zake atakayelipia baridi. Huu ni mji ambao mtu akipewa chai vuguvugu anahesabu kwamba ametukanwa. Emmah aliwasikia wote, akaendelea kupiga deki. Yeye alijua alichokuwa nacho kwenye rafu ya nyuma, kimefunikwa kanga.

Kilikuwa kibuyu cha maziwa cha nyanya yake, Robi, yule yule wa kwenye kibao. Robi ndiye aliyewalea, Emmah na kaka yake Mwikwabe, tangu mama yao alipofariki. Kila alfajiri aliamka kukamua, akakisugua kibuyu kwa kijinga cha moto mpaka ndani kikanukia moshi, akamimina maziwa na kuyaacha yalale siku mbili. Yalitoka mazito, yenye ukali kidogo na harufu ya jiko la nyumbani. Emmah alikuwa amefanya kazi miaka sita katika jiko la hoteli moja Homa Bay, akitengeneza aiskrimu za unga wa mkebe, na kila alipoonja alisema moyoni kwamba wageni wale hawajui wanachokosa.

Sasa sikiliza alichokifanya, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Katika ukoo wao, bibi mwenye nyumba akizikwa, kibuyu chake hupasuliwa mlangoni pake siku hiyo hiyo, kabla waombolezaji hawajanawa mikono. Kikibaki kizima, walisema wazee wao, mwenyewe hatajua kwamba kazi imekwisha. Robi alipozikwa, Emmah alinunua kibuyu kingine sokoni, akakipaka masizi, akakibadilisha. Mwikwabe alikipasua kile cha sokoni mbele ya watu wote, na wazee wakaridhika. Nani hukagua vibuyu kwenye matanga?

Emmah hakujiona mwizi. Alimpenda yule bibi kuliko mtu yeyote duniani, na hakuweza kuvumilia kwamba harufu ile nayo ingefukiwa. Hivyo alikificha miezi minane, mpaka duka lilipokuwa tayari.

Siku tatu kabla ya kufungua, alimpigia Mwikwabe simu amletee maziwa ya ng'ombe wa nyumbani. Kesho yake asubuhi alikuta kibuyu kimejaa mpaka shingoni. Akajua kaka amepita mapema, maana alikuwa na ufunguo wa mlango wa nyuma. Siku ya pili, tena kimejaa. Siku ya tatu, tena. Maziwa yalikuwa yameshaganda na kunukia moshi kana kwamba yamelala siku mbili. Emmah aliona yameiva mapema mno, akasema labda ni joto. Alikuwa na mashine ya kukoroga, friza ya mkopo, na mchungaji aliyeahidi kuja kuomba saa nne kamili. Hakuwa na nafasi ya kuuliza maswali.

Saa nne mchungaji akaomba, kwa kirefu kama kawaida yake, na watu waliokuwa wakicheka kibao wakawa wa kwanza kwenye foleni. Kulikuwa na ya embe, ya njugu, na ya kibuyu. Watoto walichukua ya embe. Wa kwanza kuchukua ya kibuyu alikuwa Mzee Machuki, jirani wa kule nyumbani, aliyekuja kwa sababu tu ya kusikia kwamba kuna vya bure vya kuonja.

Akaweka kijiko mdomoni. Akavua kofia taratibu, akaishika kifuani.

"Imekuwaje, mzee? Ni baridi sana?" Emmah akauliza.

"Huu ni mkono wa Robi."

"Ni maziwa ya kwake, mzee. Ya ng'ombe wake."

"Mimi najua maziwa ya ng'ombe na najua mkono wa mtu." Alimtazama Emmah, kisha akatazama nyuma yake, kule kwenye rafu, akatikisa kichwa kumwamkia mtu. "Robi, pole na kazi," akasema. Kisha akatoka bila kumaliza kikombe, yeye ambaye hajawahi kuacha cha bure.

Watu wakacheka. Emmah naye akacheka. Lakini kadiri vikombe vya kibuyu vilivyozidi kutoka ndivyo kicheko kilivyopungua. Waliokula walikaa kimya kwenye benchi, vichwa vimeinama, namna watu wanavyokaa matangani. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alilia waziwazi, akaomba kingine. Hakuna aliyesema ni kibaya. Kila aliyemaliza alirudi kwenye foleni.

Saa sita stima ikapotea. Jua la Kehancha halina adabu saa hizo, na paa la duka ni la mabati. Kufikia saa nane, ya embe ilikuwa uji na ya njugu imeelea mafuta. Emmah akafungua ndoo ya tatu roho mkononi. Aiskrimu ya kibuyu ilikuwa ngumu kama ilivyotoka kwenye mashine. Aligusa ubavu wa ndoo, baridi ikamwingia mpaka kwenye kiwiko. Akachota, akauza.

Mwikwabe alifika saa tisa kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, mikono mitupu.

"Nisamehe, dada yangu. Siku tatu nakuahidi maziwa na siku tatu sikuleti. Hata simu nimeogopa kukupigia."

Emmah akaweka kijiko chini. "Hukuleta?"

"Ningeleta nini? Hiyo ng'ombe haina kitu. Kila asubuhi nikiingia zizini nakuta kiwele kimenyauka, chuchu bado ziko na maji maji. Mtu ananitangulia. Nimelala nje na panga, sijaona mtu. Mbwa haibweki, inatingisha mkia tu."

Emmah aligeukia nyuma. Kaka yake alifuata macho yake, akaona rafu, akaona kanga, akaenda akaifunua. Alikitazama kibuyu kile kwa muda. Alikijua, alikuwa amekinywea tangu hana meno.

"Emmah," akasema polepole. "Mimi nilipasua nini siku ile?"

Emmah akamwambia ukweli. Alidhani atampiga, lakini Mwikwabe aliketi chini sakafuni, kati ya ndoo, akafunika uso.

"Unakumbuka vile Nyanya alisema hospitali? Vidole vimevimba hawezi kushika kikombe. Alisema hajaogopa kufa, amechoka tu kuamka. Akasema, mkinizika mniache nilale. Na wewe umemwamsha. Umemwandika kazi, Emmah. Nyanya yetu amekuwa kibarua yako."

"Sikujua."

"Sasa unajua. Kipeleke nyumbani, ukipasue mlangoni kwake. Ni wewe ulikiiba, ni wewe utakipasua."

Emmah aliapa kwamba atakwenda kesho yake. Kesho yake watu walikuwa wamejipanga barabarani kabla hajafungua, na kibuyu kilikuwa kimejaa. Akasema Jumatano. Jumatano akaja Jacktone, mpishi wa sherehe kutoka Kosele, aliyemfahamu tangu hotelini. Alionja kijiko kimoja, akashika meza.

"Yawa! Mama yangu alikuwa anaweka maziwa kwa agwata, kibuyu cha kwetu, na haikuwa hivi. Emmah, Jumamosi niko na harusi kubwa. Nipatie vikombe mia tatu za hii. Hiyo ya embe wachana nayo."

Akakubali. Jioni hiyo aliketi peke yake dukani, akaona aibu. Aliwaza vile vidole. Aliwaza bibi wa miaka themanini akitembea kutoka kule nyumbani mpaka mjini na maziwa, kilomita saba, bila viatu, maana walimzika bila viatu. Alilia mpaka kifua kikamuuma. Ijumaa alfajiri alipiga moyo konde, akakikumbatia kibuyu kikiwa kitupu, akapanda bodaboda kwenda nyumbani.

Alifika jua limeshachomoza. Hakumwamsha Mwikwabe. Alipita uani hadi kwenye nyumba ya Robi, akasimama mlangoni mbele ya lile jiwe la kukanyagia, akakiinua kibuyu juu ya kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa amejiandalia maneno njiani: pumzika, Nyanya, kazi imekwisha. Maneno hayo tu, kisha akipige jiweni.

Hapo akasikia maziwa yakichuruzika.

Sauti ilitoka zizini, hatua kumi kutoka aliposimama. Churu, churu, halafu kituo kidogo, namna mtu anavyosimama kunyoosha vidole vinavyouma. Na kila ilipochuruzika, kibuyu mikononi mwake kilizidi uzito. Kilianza kupata joto. Emmah alikishusha, akatazama ndani, akaona povu likipanda.

Angeweza kukipasua wakati huo. Baadaye hakujidanganya kuhusu hilo. Badala yake alikwenda zizini na kuchungulia kati ya fito.

Jua lilikuwa limeingia ndani, kila kitu kilionekana: samadi, kamba, ndama aliyekonda mbavu nje. Robi alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo umeelekea mlangoni, katika gauni la bluu walilomzika nalo. Pindo lilikuwa limechakaa na kushika vumbi jekundu la barabara ya mjini. Nyayo zilikuwa zimepasuka. Mikono ilitetemeka kila ilipobana chuchu, na vidole vilikuwa vimevimba kuliko vile vya hospitali. Alikuwa akihema kama mtu aliyepandisha kilima. Ng'ombe alitafuna kwa utulivu.

"Nyanya," Emmah akasema.

Mikono ikasimama. Bibi hakugeuka.

"Emmah wangu. Umeamka mapema." Sauti ilikuwa ile ile, yenye kikohozi kidogo mwanzoni, sauti ambayo Emmah alikuwa ameshaanza kuisahau na kujichukia kwa kuisahau. "Wameipenda?"

"Wameipenda sana, Nyanya."

"Nashukuru." Alihema tena. "Mimi nilikuwa nauliza tu. Yametosha, mama? Au bado?"

Swali lilikuwa jepesi. Mtoto mdogo angelijibu. Emmah alishika kibuyu kwa nguvu, na jiwe lilikuwa pale pale nyuma yake, na neno moja lilitakiwa. Alijua kwamba akisema yametosha, mgongo ule utasimama, utaondoka, na hatakisikia tena kile kikohozi mpaka naye azikwe. Aliwaza pia harusi ya Jumamosi. Afadhali niseme kweli, aliwaza harusi. Lakini kilichomshinda kilikuwa ile sauti. Aliitaka tena kesho, na kesho kutwa, angalau kwa kuulizwa swali lile lile.

Mlango wa Mwikwabe ukalia nyuma yake. Kaka alisimama kizingitini na shuka begani, akaona kibuyu kizima, akaona uso wa dada yake, akaanza kukimbia.

"Bado, Nyanya," Emmah akasema. "Ongeza kidogo."

Robi hakuwahi kumnyima kitu tangu azaliwe. Alikohoa, akafuta vidole kwenye gauni, akavuta kigoda karibu na ng'ombe, akaanza upya.