Mbuzi Ameamka

"Umemchinja ng'ombe wangu akiwa mzima!"

"Sasa Mama Fortunata, ulitaka nimchinje akiwa mzoga?"

Kuna mtu alicheka nyuma ya ua, kisha akajifanya anakohoa. Ernesta hakugeuka. Alikuwa amesimama uwanjani kwa Isihaka asubuhi ile, mjukuu mgongoni, kidole kimemnyooshea mbuzi jike mweupe aliyekuwa akitafuna majani ya mgomba kando ya bafu, ametulia kama mgeni aliyeamkia ukweni.

"Yule ni nani?"

"Mbuzi wangu."

"Jana jioni alikuwaje?"

Isihaka akaangalia ndala zake.

"Sema, Baba Jabiri, majirani wasikie. Si alionekana chini, ulimi nje, macho yamegeuka? Si vilevile alivyokuwa Shukuru wangu? Wako ukamfunika gunia. Wangu ukamkimbilia na kisu."

Hapo hakuna aliyecheka tena.

Ngoja nikueleze, maana habari hii ikifika sokoni Ndungu itakuwa imeshaota mkia. Ernesta ni mjane, Mlutheri wa milimani. Aliteremka huku tambarare na mumewe kulima mpunga, mume akafa, akabaki na binti mmoja, Fortunata. Fortunata naye akafia uzazini masika iliyopita, akaacha kitoto, Elinaza. Baba wa mtoto tunasikia yuko Mererani, wengine wanasema Arusha, mimi nasema hayuko popote. Kwa hiyo Elinaza alilelewa na ng'ombe. Sitanii. Asubuhi na jioni bibi alikamua, akachemsha, akapoza, akamnywesha kwa kijiko. Uji mtoto alikuwa anautema mpaka ukutani. Ukiyaona yale mashavu, unayemsifu ni Shukuru.

Halafu mwaka huu maembe. Yalizaa mpaka matawi yakavunjika, mara mvua ikakata barabara na malori ya wanunuzi hayakuja. Watu wakayamwaga korongoni nyuma ya kwa Isihaka, matenga kwa matenga. Yakalala kwenye maji, jua likayapiga, yakaanza kutoa povu. Ukipita pale unasikia harufu ya kilabuni. Ngedere ndio waliotangulia. Wanashuka, wanakula, wanaurukia mti na kulikosa tawi. Tulikuwa tunakwenda kuwatazama kama sinema, na watoto tumewabeba. Mmoja alitumbukia kwenye mfereji wa mpunga, tukamkuta amenasa kwenye lango la maji, amevimba, mkono mmoja juu kama anayeomba nafasi ya kusema. Tukacheka hata huyo.

Sasa lijue na jambo moja la kwetu. Kitongojini tuko mchanganyiko, wa msikitini na wa kanisani, na kisu cha Isihaka ndicho kinachotufanya tule chungu kimoja. Mnyama akianguka, lazima awahiwe kabla pumzi haijatoka. Asipowahiwa ni kibudu, nusu ya nyumba haziigusi nyama ile, na mwenye mnyama anapata hasara mara mbili. Kwa hiyo tumezoea kukimbia. Mnyama akilala vibaya, kabla mtu hajauliza amekula nini, wa kwanza kumwona anapiga kelele: "Isihaka!"

Ndivyo ilivyokuwa. Ernesta alikwenda kliniki na mtoto, kumpima uzito. Shukuru akakata kamba. Asheri, mdogo wake marehemu mume wa Ernesta, alimkuta karibu na korongo anayumba, miguu ya mbele imepishana, udenda unaning'inia. Akapiga magoti, akaanguka ubavu. Asheri akaita.

Isihaka alikuja mbio, kisu kwenye gazeti. Tumpe haki yake, aliuliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

"Kliniki."

"Mpigieni."

Simu haikupatikana.

"Mwenyewe si ndiyo mimi?" Asheri akasema. "Ng'ombe wa kaka yangu huyu. Chinja, bwana, anakata roho!"

Asheri alikuwa ameshinda kwenye dengelua, ile pombe yetu ya miwa, tangu saa za watu kwenda shambani. Isihaka hajawahi kuionja pombe maishani mwake. Basi wakainama wote wawili juu ya mdomo wa yule ng'ombe, uliokuwa unanuka embe lililochacha, na hakuna aliyeshtuka. Mmoja harufu ile haijui, mwingine ndiyo pumzi yake.

Bismillahi, kisu kikapita. Na Shukuru akapiga teke lililomrusha mwanamume mzima mpaka kwenye michongoma. Mnyama anayekata roho hana nguvu zile. Tuliona wote. Kila mtu alikwenda kuchukua beseni.

Ernesta aliporudi alikuta ngozi imetandazwa juani. Aliketi chini palepale. Tukampa pole, tukamwambia bora umepata nyama, angekuwa kibudu ungekosa vyote. Akaamini. Akanyanyuka, akamkatia Isihaka shingo, fungu la mchinjaji, akampa kwa mikono miwili na kumwambia asante.

Kisha usiku ukapita, na mbuzi akaamka.

"Mwambie," Salha, mke wa Isihaka, alisema kutoka mlangoni. "Mwambie, au nimwambie mimi."

"Wewe ingia ndani."

"Siingii. Mwambie."

Isihaka akavua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Jana magharibi, natoka kwako, nikamkuta mbuzi amelala hivyohivyo. Nikakitoa kisu. Mama Jabiri akanishika mkono. Akamnusa mdomo. Akasema, huyu haumwi, amelewa, mwache."

"Jana magharibi," Ernesta akasema polepole.

"Ndiyo."

"Nyama yangu ilikuwa bado inagawanywa."

"Ndiyo."

"Ukalala."

"Mama Fortunata, ng'ombe alishakuwa vipande. Ningekuja kusema nini?"

"Ungekuja ukasema."

Elinaza akaanza kulia mgongoni. Maziwa yaliyobaki sufuriani yalikwisha alfajiri, bibi yake alishaisugua na sufuria kwa kijiko. Alilia kile kilio cha mtoto anayejua saa yake imepita. Ernesta akageuka, akaenda zake, na sisi nyuma yake; nani angebaki?

Kwake, Asheri alikuwa amechuchumaa jikoni chini ya bati, anachochea moto wa supu ya kichwa. Macho mekundu. Hakuinua uso.

"Shemeji, supu imeshaiva."

Ernesta akampita.

Hatukukaa sana, Salha akatokea akimvuta mbuzi kwa kamba. Isihaka nyuma yake amebeba ndoo, na ndani ya ndoo ile shingo, mbichi vilevile, haijaguswa. Salha hakusalimu. Alipiga magoti uwanjani, akaweka kikombe, akamkamua. Mbuzi wa kuzaa mara ya kwanza, unajua mwenyewe. Akakamua, akabembeleza kiwele, akakamua. Kikafika nusu. Akampa Ernesta.

Ernesta akakisogeza kwenye pua. Akakaa nacho hapo.

"Vipi?" Salha akauliza.

"Embe."

Mtoto aliona kikombe, akatoa mikono yote miwili juu ya bega la bibi yake. Ernesta akakimwaga. Akakimwaga kwenye majivu, polepole, mpaka tone la mwisho, kuku wakaja kudonoa. Salha akaziba mdomo kwa mtandio.

Ernesta akamshusha mtoto, akampakata kwenye kigoda, akavuta bakuli la uji wa mchele uliopoa. Kijiko kikaingia, uji ukatoka. Akaukusanya kidevuni, akaurudisha. Ukatoka. Akaurudisha, mkono umeshika taya dogo lile, si kwa ukali, lakini kwa nguvu. Mtoto akapaliwa, akalia, akameza. Kijiko kingine.

"Mfungeni pale," akasema bila kuinua kichwa. "Kwenye kigingi cha Shukuru. Asipewe embe. Kesho atakuwa amelevuka."

Salha akamfunga. Kamba ya ng'ombe ilikuwa bado hapo, kipande kilichokatika, na mbuzi akaanza kukinusa.

Isihaka akaitua ndoo mlangoni, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha waliolala. Akarudi nyuma hatua moja. Akageuka aondoke.

"Unakwenda wapi?"

Akasimama.

"Nimekuletea shingo yako, Mama Fortunata. Sikuipika."

"Nimeiona." Ernesta akafuta kidevu cha mtoto kwa upindo wa kanga. "Asheri, mpakulie. Umpe na ugali, usimpe supu tupu."

"Mama Fortunata, mimi hapana. Wallahi sitaweza kumeza."

"Na huyu je, anaweza?"

Elinaza alikuwa ameshikilia kijiko kwa ngumi, machozi na uji vimemchanganyika usoni, anamtazama Isihaka.

"Umechinja kwangu," Ernesta akasema, akinyanyuka, mtoto kiunoni, mkono mmoja akilisukuma pazia la mlango. "Hujala kwangu. Vua viatu, Baba Jabiri. Ingia ule."