Mvua ya Ukata Isiyopimwa

Mvua, siku ya tatu mfululizo sasa, ilizidi kumwagika jeneza la mzee Placidi likiwa bado mlangoni, na lilipofikishwa makaburini hapo kijijini Ukata, wanaume walikuwa wakichota maji shimoni kwa ndoo. Tobias, mjukuu wa marehemu aliyefika kutoka mjini asubuhi hiyo, alikuwa akipokea ndoo ya nne alipomwona shangazi yake Notburga amejikunyata chini ya mgomba. Akamsogelea.

"Shangazi, uko hapa tangu lini?"

"Tangu juzi, mwanangu. Ulitaka niwe wapi?"

"Na kipima mvua?"

Notburga alimtazama kama mtu anayemtazama mlevi. "Baba yangu alikuwa amelala ndani, mimi nikapime mvua? Hata jembe hatujashika! Mpimaji mwenzangu, Lidia wa Tingi, yuko kule nyumbani jikoni, kamuulize kama yeye amepima."

Tobias alikuwa mhandisi wa data wa kampuni moja ya Dar es Salaam. Mashine yao ilinunua na kuuza mikataba ya kahawa yenyewe, na kazi yake ilikuwa kuilisha takwimu. Vipimo vya mvua alitumiwa kwa simu kila asubuhi na shangazi na ndugu wengine watatu. Siku za jua hawakutuma kitu. "Haijanyesha, niandike nini?" shangazi alikuwa akimwuliza. Tobias akaona ana haki, akaiagiza programu: pasipo ujumbe, weka sifuri. Mwaka mzima haikukosea.

Sasa wote wanne walikuwa msibani siku ya tatu, na mashine ilikuwa ikisoma ukame wakati mibuni imetoa maua. Soko likifunguliwa saa sita mchana, Jumatatu hiyo, ingenunua kila itakachokiona ikidhani bei itapanda. Simu ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi. Mtandao hakuna.

Akaitupa ndoo, akakimbilia kilimani kutafuta mtandao.

"Tobias! Babu yako unamwachia nani?" mwanamume mmoja alipaza sauti kutoka kaburini.

"Mwacheni, huyo kaitwa na simu!" mwingine alidakia.

Mashimo ya ngolo, yanayochimbwa mashambani kwenye miteremko, yalikuwa yamejaa maji. Aliruka moja, akatumbukia la pili, akainuka na tope mpaka kifuani. Hakuwa na cheti chochote. Kila alichokijua alijifundisha mwenyewe, na hapakuwa na kampuni nyingine ambayo ingemwamini hivyo. Mtandao ulishika saa sita na dakika saba. Simu ikaita hapo hapo.

"Bosi, izime!"

"Nimeshaizima," alisema Masoudi. "Imenunua mpaka kikomo, na bei inashuka. Dunia nzima inajua huko kunanyesha, isipokuwa wewe."

Tobias alipangusa tope kwenye kioo cha simu.

"Sikiliza, bwana mdogo. Wakubwa wanataka maelezo sasa hivi. Andika wapimaji walizembea. Tutawaachisha wao, wewe utabaki."

"Walikuwa msibani, bosi."

"Andika walizembea."

Tobias akaandika: *Wapimaji walizembea kuanzia tarehe...* Kidole kikasimama. Tarehe yenyewe ndiyo aliyofariki babu. Akafuta. Akaandika tena walizembea, akafuta tena. Mwishowe akatuma: *Sifuri niliziweka mimi.*

Simu ikaonyesha Masoudi ameusoma.

Tobias alifungua programu aiondoe ile amri ya sifuri, angalau kesho isidanganye. Ikamwomba nywila. Ikaikataa. Akafuta kidole kwenye shati lililolowa, akaandika polepole, herufi moja moja. Ikaikataa. Safari hii maneno mekundu yakatokea: akaunti imefungwa. Huko chini wimbo wa kufukia ulikuwa umeanza, na majembe yalisikika yakitupa udongo uliolowa.

Akaandika tena.