Mguu wa Kinyozi na Vioo vya Maduka

Kinyozi alikuwa na mguu usiopata damu ya kutosha, na kiburi kilichopata damu tele. Kila akitembea kidogo, shavu la mguu lilimbana kama koleo. Akisimama, maumivu yanaisha. Basi akawa anasimama mbele ya maduka akijifanya anaangalia bidhaa, watu wasije wakamwita mgonjwa. Kwa ujanja huo alishakagua sidiria zote za mtaani.

Binti yake, ambaye hakudanganyika, akambembeleza mpaka akaenda hospitali ambako madaktari walikuwa wanajaribu dawa mpya ya miguu kama wake. Muuguzi akamwambia atembee kwenye korido mpaka maumivu yamsimamishe. Wanaosimama mapema ndio wanaotakiwa kujaribiwa dawa hiyo.

Kinyozi akaanza kwa mbwembwe. Hakufika mbali, mguu ukawaka moto. Duka hakuna, ila ukutani palikuwa na bango la kunawa mikono. Akasimama, akalikodolea macho kama mtu mwenye mtihani kesho.

"Mguu unauma, baba?" muuguzi akauliza.

"Wapi! Nasoma tu."

Mabango yalikuwa mengi, naye akayasoma yote. Mwishowe muuguzi akafunga faili. "Hongera, baba, wewe mzima. Sisi tunatafuta wagonjwa."

Njiani kurudi, mguu ukamshika mbele ya duka la nguo za kike. Akaegemea kioo, akaitazama sanamu iliyovaa sidiria nyekundu.

"Dada," akainong'oneza, "huu mguu unaniua. Na waliokuwa na dawa nimewaambia nasoma."