Geuza na Mipaka

Babu Eino alifundisha hesabu hapa Thunder Bay mpaka nusu ya mji ikamwogopa, akiwemo Shangazi Marjatta, binti yake mwenyewe. Majira haya ya baridi alisahau moto kwenye kibanda cha sauna, cha kuogea mvuke, ukuta ukaungua, na shangazi akamtafutia chumba katika nyumba ya wazee. Wasimamizi wa nyumba hiyo walitaka jibu kufikia Jumatatu.

Mimi nilikuja juu. Nilimwambia shangazi kwamba ng'ombe hazeeki maini, na kwamba mtu anayenifundisha intigrali, hesabu za kutafuta maeneo, kila Jumapili hawezi kuambiwa akili zimemwishia. Shangazi akaguna. Akasema basi, Jumapili hii atakaa jikoni asikilize, na kama Babu bado ni yule yule, atapiga simu kukikataa chumba.

Kwa hiyo kazi yangu ya nyumbani ikabeba nyumba nzima, na yenyewe ilikuwa imenishinda. Swali lilitoa kitendakazi, yaani kanuni inayoipa kila namba jibu lake, likataka eneo lililo chini ya kinyume chake, na kinyume chenyewe hakiandikiki kirahisi. Nilikuwa nimefuta mpaka karatasi imetoboka.

"Kichwa chako kigumu kama pulla ya juzi," Babu aliniambia, huku akinisogezea kipande cha mkate huo wa iliki. "Hebu tuchore."

Alichora grafu kwa wino mzito, akaipindua karatasi, akaizungusha na kuibandika kwenye kioo cha dirisha. Theluji ya nje ilimulika, mstari ukaonekana kwa nyuma, mhimili uliolala sasa umesimama na uliosimama umelala. Pale pale nikaelewa: eneo nililolitafuta ni mstatili mzima ukitoa eneo la kitendakazi cha mwanzo, ambalo hata mimi nalimudu. Nilifurahi nikataka kumkumbatia. Ndivyo alivyofundisha maisha yake yote, na kila mara alimalizia kwa onyo moja: ukigeuza karatasi, geuza na mipaka, pale eneo linapoanzia na linapoishia.

Siku hiyo onyo halikuja. Aliirudisha karatasi mezani, akaandika mipaka ya zamani, mbili palipotakiwa moja, akakokotoa haraka, akapata hasi nne. Mchoro wote ulikuwa juu ya mhimili. Eneo la namna hiyo haliwi hasi, kama shamba lisivyoweza kuwa na ekari pungufu ya sifuri.

Jikoni bomba lilifungwa. Babu aliitazama ile hasi nne, akaanza kupitisha kalamu kwenye mistari yake, juu mpaka chini, kisha tena juu. Alijua kuna kosa. Hakuliona.

"Senja, hii si sawa, eh?"

"Ni sawa, Babu."

"Nidanganye kwa mengine yote. Kwenye hesabu, hapana. Nionyeshe."

Niliweka kidole kwenye ile mbili. Nilitamani kidole kikatike. Babu alikitazama kwa muda, kisha akacheka kidogo, kicheko kikavu.

"Mipaka," akasema. "Marjatta nilimtoa nje ya darasa kwa kosa hili hili."

Shangazi alikuwa mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, machozi yanamtoka. Alikuwa ameshinda, na sijawahi kumwona mshindi mwenye huzuni kama yeye.

"Kosa dogo tu, Baba. Hata mimi nililifanya."

"Wewe ulikuwa unajifunza," Babu akamjibu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kile chumba kina dirisha?"

"Kinalo, Baba. Kubwa."

"Basi Senja atanifuata huko."

Akaikata ile mbili, akaandika moja, akanisukumia karatasi nimalizie. Nilimaliza mwenyewe. Jibu lilikuwa moja na robo, lilikuwa sahihi, na sijawahi kulichukia jibu sahihi namna ile.