Jabari na Nge Hawasemezani

Usiku wa kuamkia jana Nakiete Mbonea aliota mvua ya Same imesimama hewani.

Haikukatika. Ilisimama. Matone yalikuwa yamening'inia usawa wa magoti, uani kwa shangazi zake, kila tone mahali pake, yakisubiri kuambiwa la kufanya. Nakiete hakushangaa. Aliudhika tu, maana darubini yake ilikuwa nje na ilikuwa inalowa.

"Umenisahau tena," ikasema darubini.

"Sikukusahau. Si nimekuja?"

"Umekuja na vidole vya mafuta. Lenzi usiniguse."

Mchana Nakiete ni fundi cherehani, ana kibanda chake karibu na stendi. Anga likiwa safi, huitoa darubini uani na kuzitazama nyota mpaka shingo imuume. Majira yote anayajua kwa nyota zake. Anajua kwamba kuanzia vuli hadi masika, anga la jioni ni la Jabari, lile kundi la nyota lenye umbo la mwanamume aliyejifunga mkanda. Kipupwe kikikaribia, Jabari anazama magharibi, na Nge anachomoza mashariki na mkia wake uliojikunja. Tena anajua kanuni ambayo kila mtazamaji wa nyota anaijua: hao wawili hawakai angani pamoja. Mmoja akiingia, mwenzake ameshatoka.

Akainama achungulie. Macho yake yakakataa.

"Kwanza tuzoee giza," yakasema, yakatoka, yakaenda kukaa kwenye kizingiti cha jiko.

Nakiete akasubiri bila macho. "Tayari?" akauliza.

"Bado. Usituharakishe."

Akangoja tena. Mwishowe akayafuata kwa kupapasa, akayaokota, akayarudisha mahali pake mwenyewe. Yakanung'unika, lakini yakaona.

Kwenye darubini anaona mguu. Ni mguu wa Jabari. Na hapo hapo Nakiete hayuko uani tena. Yuko nyikani upande wa magharibi, amevaa kandambili, amesimama kando ya kifundo cha mguu kinachomzidi kimo. Mguu mmoja wa Jabari umeshazama ardhini. Wa pili umegoma. Mwenyewe amekunja mikono kifuani.

"Shikamoo," anasema Nakiete.

"Marahaba. Wewe ndiye wa kutumwa?"

"Mimi si wa kutumwa. Nimekuja kutazama."

"Vizuri. Basi mwambie huyo wa mashariki kwamba sitoki hapa mpaka aniombe radhi."

"Kwani amekufanya nini?"

"Anajua mwenyewe."

Nakiete alihisi uchovu ukimpanda kuanzia visigino. Maneno hayo aliyajua. Aliyasikia kila siku ya Mungu. Mama yake alipofariki, alilelewa na shangazi zake wawili, Nambike na Naetwe, ambao nyumba zao zinatazamana uani. Walimlea vizuri, hakuna aliyemnyima kitu. Lakini Shangazi Nambike aliwahi kuwachinjia wageni jogoo wa Shangazi Naetwe bila kuuliza, na tangu siku hiyo wawili hao hawakusemezana. Kila neno lilipitia kwa Nakiete. Mwambie huyo afunge bomba. Mwambie mwenzako kuku wake wako kwangu. Alivuka ua na neno, akarudi na jibu, akavuka tena, na wote wawili wamekaa barazani wanasikia kila kitu.

Hilo alikuwa amelizoea. Ila Jumamosi hii wazee wa kina Elineema, mchumba wake, wanakuja kuleta posa, na shangazi hao ndio wa kuwapokea. Nambike amesema Naetwe akikaa sebuleni, yeye anakwenda kwa mdogo wao kule Mwanga. Naetwe amesema vivyo hivyo, ila yeye anakwenda Moshi.

"Bado umesimama?" akauliza Jabari.

Nakiete akaenda. Akalivuka anga lote kwa miguu, matone yakimgonga magotini, mpaka kwenye milima ya mashariki. Nge alikuwa amejibanza nyuma ya mlima. Magando mawili tu ndiyo yaliyoonekana, yameshika ukingo kama mtu anayechungulia ukutani.

"Mwambie siwezi kuchomoza naye bado amesimama pale," akasema Nge kabla hajaulizwa. "Kanuni ni kanuni. Na wa kuomba radhi ni yeye."

"Mlikosania nini?"

"Kamuulize."

Akarudi magharibi. Akatumwa mashariki. Akarudi. Katikati ya safari moja kitu kikamwita kwa sauti ndogo.

"Dada. Usinitazame."

Nakiete akageuka kukitazama. Hakikuwepo.

"Nimekwambia usinitazame. Mimi ni hafifu. Ukitaka kuniona, tazama pembeni yangu."

Kilikuwa ni kile kiwingu cha nyota ambacho huwa anahangaika kukipata kila mwaka. Basi Nakiete akaligeuzia uso banda la mbuzi, ambalo sasa lilikuwa hapo angani, akaongea huku anamtazama mbuzi.

"Haya, sema."

"Hao wawili wameyakwamisha majira. Masika haiwezi kuondoka mpaka mmoja atoke. Maharage ya watu yanaoza shambani."

"Kwa nini usiwaambie wewe?"

"Nani atanitazama?"

Nakiete akaendelea na safari. Mbuzi naye akaendelea kutafuna.

Alipopiga hatua nyingine, hatua hiyo ikaingia sebuleni kwa Shangazi Nambike. Ni Jumamosi. Vitambaa vya makochi vimefuliwa. Mlangoni amekwama Zohali, ile sayari yenye pete, ndani ya koti la suti, na pete yake kubwa imegota huku na huku kwenye fremu.

"Hodi," anasema Zohali. "Tumetumwa na kina Elineema. Pete tumekuja nayo, kama unavyoiona."

"Karibuni. Shikamoo."

"Marahaba. Ingekuwa vizuri kukaribia, lakini siwezi kuingia wala kutoka. Wenyeji wako wapi?"

Nakiete anatazama makochi. Yako matupu. Miezi midogo ya Zohali imepita chini ya pete, imeingia, na tayari inamaliza sambusa.

"Wako njiani," anasema.

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Kwa sababu nimetoka mbali sana, mwanangu. Huko kwetu ni baridi. Mtu hasafiri hivyo aje kupokelewa na kochi."

Aibu ilimchoma Nakiete masikio. Akatoka kwa dirisha. Nje palikuwa anga, Jabari upande huu, Nge upande ule, na wote wakasema kwa pamoja: "Mwambie huyo..."

Hapo ndipo alipokaa chini. Alikaa katikati ya anga, akavua kandambili, akaziweka kando.

"Sibebi tena," akasema.

"Umesemaje?" akauliza Jabari.

"Nimesema sibebi. Miguu yangu imevimba. Kuna mgeni amekwama mlangoni. Kuna maharage yanaoza. Kila mmoja wenu ana mdomo, na huu ukimya wenu wote umejengwa juu ya mgongo wangu. Mkitaka kusema, semeni. Msipotaka, nyamazeni kabisa, mimi nikalale."

Matone yakatetemeka kidogo. Darubini, iliyokuwa imemfuata bila kuombwa, ikakohoa.

"Anasemaje?" akauliza Nge, bila kumtaja aliyeulizwa.

Nakiete alikuwa anasugua visigino. Jabari akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Anasema habebi tena," akajibu mwishowe, kwa sauti ya kinyonge.

"Ahaa. Basi nisikie wewe mwenyewe. Ulinikanyaga!"

"Ulinichoma kisigino!"

"Ulinikanyaga kwanza! Nilikuwa nimelala!"

"Umelala njiani!"

"Njiani wapi? Nilikuwa kwangu!"

Walipiga kelele kutoka upeo hadi upeo, juu ya kichwa cha Nakiete, kelele zilizotikisa mabati ya Same nzima. Walitoleana maneno ya tangu dunia haijaumbwa. Hakuna aliyeomba radhi. Nakiete alisubiri, kidevu kikiwa juu ya magoti, na kadiri walivyogombana ndivyo alivyozidi kupumua vizuri, kwa kuwa hakuna hata neno moja lililompitia yeye.

Mwishowe wakaishiwa sauti.

"Sasa unazama au huzami?" akauliza Nge.

"Nazama. Lakini si kwa sababu umesema wewe."

"We zama tu."

Jabari akazama: goti, mkanda, mabega. Nge akapanda mlima taratibu, magando, kichwa, kisha ule mkia mrefu. Na matone yote yaliyokuwa yakingoja yakaanguka kwa mpigo mmoja, mengi yao juu ya Nakiete.

Akaamka.

Palikuwa panapambazuka. Blanketi lilikuwa kavu, miguu haikuvimba, na darubini ilikuwa kwenye kona yake, kimya kama kifaa chochote. Ndoto tu, akawaza kwa uchungu. Jumamosi iko palepale. Akajigeuza ukutani.

"Naetwe! Naetwe we!"

Ilikuwa sauti ya Shangazi Nambike, kutoka dirishani kwake. Nakiete akainua kichwa. Jina hilo hakuwahi kulisikia mdomoni mwa Nambike tangu enzi za yule jogoo.

Upande wa pili dirisha likalia.

"Unasemaje?"

"Wewe umezisikia zile kelele za usiku?"

"Nitaachaje kuzisikia, juu ya bati langu? Hivi ni nani aliyekanyagwa?"

"Yule wa mashariki. Mgongoni."

"Basi alikuwa na haki ya kuchoma."

"Haki gani, Naetwe? Mtu unalala njiani?"

"Njiani wapi! Si amesema alikuwa kwake?"

"Sikukusikia vizuri hapo. Njoo huku useme."

Nakiete alilala vilevile, macho wazi, akasikiliza komeo la Shangazi Naetwe likivutwa, na kandambili zikianza kuvuka ua.