Mkono Ulioingia Mfukoni

Mwosha vichwa hapokei kwa mkono. Atapokeaje, na mikono yake imejaa sabuni mpaka kwenye viwiko? Kwa hiyo katika saluni ile desturi ilikuwa hii: nywele zikishasuuzwa, mteja huinuka kwenye sinki, taulo kichwani, akatumbukiza pesa ya soda mwenyewe katika mfuko wa aproni ya mwoshaji. Mwoshaji hushukuru bila kutazama. Kuchungulia mfuko mbele ya mteja ni ulafi, na mwenye saluni hakutaka walafi.

Mwoshaji wa pale walimwita Povu. Alikuwa mwanamke mpole, ila akikasirika mdomo wake ulitangulia akili, na hilo ndilo lililomponza. Mshahara wake ulikuwa wa jina tu; chakula cha jioni kilitoka katika mfuko ule. Hata hivyo, kati ya wateja wote, mmoja angemwosha hata bure: Mama Cherehani, fundi wa nguo wa mtaa wa nyuma, mjane mwenye mvi laini na maneno machache. Akishalaza kichwa kwenye sinki hufumba macho na kusema, "Mwanangu, una vidole vya kubembeleza mtoto." Povu hakuwa na mama tena. Maneno hayo alirudi nayo nyumbani.

Jumamosi moja, saluni imefurika, Mama Cherehani alioshwa, akainuka. Povu akausikia mkono wake ukiingia mfukoni na kutoka.

"Asante sana, mama!"

Baadaye akakausha mikono, akatia kidole mfukoni. Kulikuwa na vibanio vya nywele tu. Akaupindua mfuko, akaukagua: hauna hata tundu.

Mtu mwenye busara angenyamaza. Povu alimtazama msusi, ambaye alikuwa amempita ubavuni kufuata taulo, na damu ikamchemka.

"Dada, nirudishie changu."

"Chako kipi?"

"Alichoniwekea Mama Cherehani. Mkono nimeusikia ukiingia, na aliyepita hapa ni wewe peke yako."

"Unaniita mwizi? Mbele ya wateja?" Msusi akatupa chanuo chini. "Mimi na kiti changu, na wateja wangu, nikaibe vijisenti vya mwosha vichwa!"

Watu wakatoa vichwa kwenye madraya ili wasikie vizuri. Mwenye saluni akainuka kwenye kaunta na kusema atakayeonekana na kosa ataondoka leo leo. Hapo ndipo Mama Cherehani, aliyekuwa anasubiri kusukwa, aliposimama.

"Msigombane. Niliingiza mkono mtupu."

Akalipa kaunta gharama ya kuoshwa, akafunga kitambaa juu ya nywele zilizolowa, akatoka bila kusukwa. Povu alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimwomba msusi radhi, na msusi, ambaye moyo wake haukuwa wa jiwe, akamwambia, "Mfuate yule mama. Mimi niache."

Hakumfuata. Aliona haya. Akangoja mama arudi mwenyewe, na wiki zikapita, sinki likapokea vichwa vya wengine. Mwishowe, siku yake ya mapumziko, akachukua chupa ya shampuu na taulo safi, akaenda mtaa wa nyuma kwa Mama Cherehani.

Chumba kilikuwa nadhifu. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, na juu ya shuka pana vumbi. Mama Cherehani alikipapasa kiti kabla ya kumkaribisha, na hapo Povu akaelewa. Ni macho. Fundi asiyeweza kutunga uzi kwenye sindano hana kazi, na asiye na kazi ataitoa wapi ya soda? Wanasema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Povu alikuwa amekiosha kichwa kile miaka nenda miaka rudi, na hili hakuliona.

"Nisamehe, mama. Ni mdomo wangu huu."

"Kosa si lako. Mimi ndiye niliyecheza mchezo wa kitoto. Wote wanatumbukiza, mimi nipite mbele yao hivi hivi?"

"Nimekuja kukuosha."

"Hapana. Mkono mtupu haulambwi, mwanangu. Sijawahi kula jasho la mtu, na sitaanza uzeeni."

"Wewe ningekuosha bure siku zote."

"Ndiyo maana sitaki. Sijawa ombaomba bado."

Povu akailaza chupa mapajani. Alijua kwamba akiondoka hivi, atakuwa amempoteza mama huyu. Siku nyingine zote alikuwa na jibu la haraka. Leo akasema ukweli tu.

"Basi nioshe wewe. Tangu mama yangu afariki, hakuna mtu aliyenigusa kichwa. Naosha vya watu kutwa nzima, changu nakimwagia maji mwenyewe, haraka haraka, nilale."

Mama Cherehani akageuza uso kuifuata sauti. "Hakuna hata mmoja?"

"Nani, mama?"

"Kweli kinyozi hajinyoi." Akasimama, akakunja mikono ya gauni. "Beseni liko nyuma ya mlango. Maji yapashe moto kidogo."

Povu akapiga magoti, akainamisha kichwa. Vidole vya fundi, vilivyozoea kutambua kitambaa kwa kukigusa tu, vikaanza nyuma ya masikio, vikapanda utosini bila haraka. Povu akalia, wala hakujaribu kujizuia.

"Sabuni imekuingia machoni?"

"Hapana, mama."

"Basi tulia, mwanangu," akasema Mama Cherehani, akateka maji mengine. "Nikikumaliza wewe, ni zamu yangu."